Kupima Pumzi ya Mtoto Katika Jinja na Mbale

Mwezi wa Desemba mwaka 2022, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia vyakula na madawa iliidhinisha gesi iitwayo zenoni itumike kuchunguza mapafu ya watu wazima na ya watoto waliotimiza umri wa miaka 12. Mgonjwa huivuta gesi hiyo, akaizuia kifuani kwa sekunde zipatazo 10 au 15, na mashine ya sumaku ijulikanayo kwa kifupi kama MRI huchora picha ya kila mahali ilipofika. Katika Afrika ya Mashariki habari hiyo ilipita kimya kimya, wala si ajabu. Mama aliyempakata mtoto mwenye kichomi katika wodi ya Nalufenya mjini Jinja, au katika hospitali ya rufaa ya Mbale chini ya Mlima Elgon, analo jambo moja tu analotaka kulijua, nalo ni kama mwanawe atakuwa akipumua kesho asubuhi.

Hata hivyo, swali la mama huyo na swali la wataalamu wa Marekani ni moja. Wote wauliza: hewa inayoingia kifuani mwa mtoto yafika wapi, na ikishafika, je, yaingia katika damu? Tofauti iko katika vyombo walivyo navyo vya kulijibu, na zaidi ya hapo, katika yale yanayoweza kufanywa baada ya jibu kupatikana. Tofauti hiyo ya pili ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa makini.

Mapafu ni kiungo kigumu kuchunguza. Daktari akiweka kifaa chake kifuani husikia sauti ya hewa, lakini sauti haimwambii ni kiasi gani cha hewa kinachofika chini. Picha ya eksirei huonyesha umbo la mapafu na madoa yaliyomo, lakini haionyeshi kazi yake. Kipo kipimo cha kupuliza, yaani spirometa, ambacho hupima nguvu na wingi wa pumzi. Nacho chataka mtu avute pumzi mpaka mwisho, kisha apulize kwa nguvu zake zote bila kusita, jambo ambalo mtoto wa chini ya miaka mitano kwa kawaida hawezi kulifanya sawasawa. Isitoshe, spirometa hutoa hesabu ya jumla ya mapafu yote mawili. Sehemu ndogo ikiziba, sehemu nzima zilizobaki huweza kuuficha upungufu huo, na daktari akaambiwa kwamba mtoto ni mzima.

Kwa nini basi mashine ya MRI, ambayo huona ubongo na ini waziwazi, haikutumika kwa mapafu tangu zamani? Sababu ni kwamba mashine hiyo husikiliza maji. Ndani ya sumaku yake kubwa, viini vya haidrojeni vilivyomo katika maji ya mwili hujipanga. Mawimbi ya redio huvigusa, navyo hurudisha mwangwi ambao kompyuta huugeuza kuwa picha. Katika kila viini milioni moja, ni kama vitano tu vinavyozidi kwa upande mmoja na kutoa mwangwi unaosikika. Mwilini maji ni mengi, kwa hiyo hao wachache watosha. Lakini mapafu yamejaa hewa, na katika picha ya kawaida ya MRI kifua cha mtu huonekana kama pango jeusi.

Njia ya kuliangaza pango hilo ilipatikana mwaka 1994, wakati wanasayansi wa Marekani walipochapisha picha za mapafu ya panya yaliyojazwa zenoni. Walichukua gesi hiyo, wakaichanganya na mvuke wa madini yaitwayo rubidi, wakaumulika mchanganyiko huo kwa leza. Mwanga wa leza huzipanga atomu za rubidi upande mmoja, nazo zikigongana na zenoni huiambukiza mpangilio huo. Badala ya viini vitano katika milioni, sasa hupatikana zaidi ya kimoja katika kila vitano, na mwangwi wake huwa mkubwa maelfu kwa maelfu ya mara. Wapenzi wa redio huenda wakafurahi kujua kwamba katika mashine ya MRI yenye nguvu ya tesla 1.5, zenoni huitika karibu na megahezi 17.7, yaani katika masafa mafupi ya mita 16 ambayo matangazo ya nchi za mbali hupitia. Mashine ya hospitali ya kawaida imetegwa kwa haidrojeni peke yake. Haiwezi kuisikia zenoni mpaka ifungiwe vifaa vya ziada.

Kwa muda wa miaka mingi watafiti waliipenda zaidi gesi nyingine, heli ya aina ya tatu, kwa kuwa mwangwi wake ulikuwa na nguvu zaidi. Gesi hiyo ilitokana na akiba ya silaha za nyuklia. Baada ya mashambulio ya Septemba 2001, Marekani ilianza kuitumia kwa wingi katika vyombo vya kugundua mali za nyuklia bandarini na mipakani. Heli ikaadimika, bei ikapanda, na madaktari wakarudi kwenye zenoni. Ndivyo mara nyingine mahitaji ya ulinzi yanavyoamua ni mgonjwa gani atakayechunguzwa na kwa chombo gani.

Zenoni yenyewe imo katika hewa inayovutwa na kila mtu, lakini kwa kiasi kidogo mno, pungufu ya lita moja katika lita milioni kumi za hewa. Hupatikana katika viwanda vikubwa ambavyo huigandamiza na kuipoza hewa mpaka iwe majimaji, ili kuzitenga gesi zake. Kazi kubwa ya viwanda hivyo ni kutoa oksijeni na naitrojeni, na zenoni ni masalio tu. Jambo hilo ni la kukumbukwa, kwa maana masalio ya kiwanda cha oksijeni hutumika ng'ambo kuchora picha ya pumzi, na huku kwingineko oksijeni yenyewe haipatikani.

Picha hiyo ni ya thamani kweli. Mahali hewa inapofika hung'aa, na mahali palipoziba hubaki giza. Katika hospitali za watoto za Toronto na Cincinnati, na katika Chuo Kikuu cha Sheffield nchini Uingereza, uchunguzi wa namna hii umeonyesha sehemu zisizopata hewa katika mapafu ya watoto ambao kwa kipimo cha kupuliza walihesabiwa kuwa wazima. Zaidi ya hayo, zenoni huyeyuka. Hupita katika ukuta mwembamba wa vifuko vya hewa, ikaingia katika chembe nyekundu za damu, na kila inapofika sauti yake hubadilika kidogo. Kwa hiyo mashine huweza kutofautisha gesi iliyomo katika hewa, iliyomo katika ukuta, na iliyokwisha kuingia katika damu. Tena haina mionzi ya eksirei, kwa hiyo mtoto anaweza kurudiwa kupimwa mara kwa mara. Upungufu wake ni kwamba mpangilio ule wa leza haudumu. Ndani ya mapafu hupotea kwa sekunde chache, kwa kuwa oksijeni huuharibu, na nje ya mapafu gesi haiwezi kuwekwa ghalani kungoja mgonjwa. Hapana budi itayarishwe hospitalini hapo hapo, mbele ya mafundi waliofunzwa, na umeme usikatike.

Sasa yafaa kurudi Jinja na Mbale. Huko, swali la pili kati ya yale mawili, yaani kama hewa imeingia katika damu, hujibiwa kwa kibanio kidogo kinachofungwa kidoleni. Msingi wa chombo hicho ulibuniwa na Mjapani Takuo Aoyagi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hupitisha mwanga mwekundu na mwanga usioonekana kwa macho katika nyama ya kidole. Damu yenye oksijeni na damu isiyo nayo huumeza mwanga huo kwa namna mbalimbali, na kwa kupima tofauti hiyo chombo husema ni sehemu ngapi kwa mia za damu zilizobeba oksijeni. Mtoto mzima huwa karibu na 95 au zaidi. Shirika la Afya Duniani lashauri mtoto apewe oksijeni akiwa chini ya 90. Hakuna picha, hakuna leza, na mtoto mchanga hatakiwi kuzuia pumzi. Muuguzi husoma tarakimu katika muda usiofika dakika moja.

Kibanio hicho nacho kina kasoro yake, na kasoro hiyo yawahusu Waafrika hasa. Mwaka 2020 watafiti wa Michigan walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba, miongoni mwa wagonjwa watu wazima ambao kibanio kiliwahesabu kuwa na oksijeni ya kutosha, wagonjwa weusi walikutwa wamepungukiwa kwa takriban mara tatu zaidi ya wagonjwa weupe damu yao ilipopimwa yenyewe. Rangi ya ngozi humeza sehemu ya mwanga, na viwanda vilivisawazisha vyombo vyao kwa kuwapima zaidi watu wa ngozi nyeupe. Chombo ambacho kazi yake kubwa imo katika wodi za Afrika hakikustahili kutengenezwa namna hiyo.

Kichomi huua zaidi ya watoto 700,000 wenye umri wa chini ya miaka mitano kila mwaka duniani, na wengi wao hufa kwa kukosa oksijeni. Dawa ya kuua vijidudu huchukua siku kufanya kazi, na katika siku hizo mtoto hana budi kuwekwa hai. Ndiyo maana kisa cha Jinja kina uzito. Mji huo umejengwa pale mto Nile unapotoka katika Ziwa Viktoria, na bwawa lake la Owen Falls, ambalo siku hizi huitwa Nalubaale, lilianza kutoa umeme mwaka 1954. Juu ya hayo, umeme wa kutegemea katika wodi ya watoto umekuwa tatizo la miaka mingi. Mitungi ya oksijeni ni mizito, hujazwa mbali na huisha usiku. Iko mashine ndogo ambayo huvuta hewa ya chumbani, huiondolea naitrojeni na kutoa oksijeni karibu safi, lakini umeme ukikatika nayo hunyamaza.

Daktari Sophie Namasopo wa Jinja, Robert Opoka wa Chuo Kikuu cha Makerere na Michael Hawkes wa Chuo Kikuu cha Alberta nchini Kanada walikuwa miongoni mwa waliojaribu kuiendesha mashine hiyo kwa nguvu ya jua. Vioo vya kunasa jua viliwekwa juu ya paa, betri zikahifadhi umeme wa usiku, na mashine ikafanya kazi mchana na usiku pasipo waya wa gridi. Taarifa ya kwanza, iliyotolewa mwaka 2016, ilihusu wagonjwa 28 tu. Mwaka 2018 yakafuata matokeo ya watoto 130 wa Jinja na Kambuga, ambapo oksijeni ya jua ililinganishwa na ya mitungi na kuonekana kwamba si duni kuliko hiyo. Jaribio kubwa lilifanywa kuanzia mwaka 2019 hadi 2021 katika vituo 20 vya Uganda, likihusisha watoto 2,405 walioonekana kwa kibanio kuwa wamepungukiwa oksijeni, na matokeo yake yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2024. Kabla ya mitambo ya jua kufungwa, watoto 5 katika kila 100 walikufa ndani ya saa 48 za kwanza. Baada ya kufungwa, walikufa 3 katika kila 100. Watafiti walikadiria kwamba kwa kila watoto 45 waliotibiwa kwa mitambo hiyo, maisha ya mmoja yaliokolewa.

Yafaa kuitazama hesabu hiyo kwa utulivu. Kabla ya mitambo, watoto walipimwa kwa kibanio kile kile na tarakimu zilionekana zile zile. Muuguzi alijua kwamba huyu ana 84 na yule ana 78. Kilichobadilika ni kwamba baada ya kujua, alikuwa na kitu cha kuwapa, hata saa tisa ya usiku. Katika mambo ya tiba ni rahisi kununua kipimo na kupigiwa picha ya magazeti mbele yake, na ni vigumu kulipia yale ambayo kipimo hicho kimeyadai.

Mbale nayo imetoa somo la namna nyingine, tena lenye utata. Mji huo ulikuwa mmoja wa vituo vya jaribio lililoitwa COAST, lililofanywa Uganda na Kenya chini ya uongozi wa Kathryn Maitland wa Kilifi, pamoja na madaktari wa Uganda akiwemo Peter Olupot-Olupot wa Mbale. Swali lilikuwa hili: mtoto ambaye kibanio chamwonyesha kati ya 80 na 91, je, oksijeni humsaidia kweli, au yatosha kumtibu na kumwangalia kwa karibu, naye apewe oksijeni akishuka chini ya 80? Swali hilo liliwakera wengi. Wako waliosema kwamba si haki mtoto aliyepungukiwa kukosa oksijeni kwa ajili ya utafiti. Wengine walijibu kwamba katika hospitali nyingi za Afrika mtoto huyo huikosa kila siku pasipo utafiti wowote, na kwamba oksijeni kidogo iliyopo yapaswa ielekezwe kwa wanaoihitaji zaidi. Jaribio lilisimamishwa mwaka 2020 likiwa limefikisha watoto 1,852 kati ya 4,200 waliokusudiwa. Katika kundi la 80 hadi 91, vifo vya saa 48 vilikuwa asilimia 2.5 kwa waliopewa oksijeni ya kawaida, asilimia 1.1 kwa waliopewa ya mkondo wenye nguvu, na asilimia 1.4 kwa walioangaliwa bila kupewa mara moja. Idadi hiyo haikutosha kuamua lolote kwa uhakika.

Hapo ndipo picha ya zenoni inapoacha kuwa anasa ya mataifa tajiri. Kibanio husema kwamba oksijeni imepungua katika damu, lakini hakisemi kwa nini. Watoto wawili wa Mbale waweza kuwa na 86 wote wawili, mmoja kwa kuwa sehemu ya pafu lake imejaa usaha na mwingine kwa sababu nyingine kabisa, na tarakimu ikawafananisha.

Mfano ulio karibu zaidi ni ugonjwa wa selimundu. Uchunguzi wa damu za watoto 97,631 nchini Uganda, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba watoto 13.3 katika kila 100 walirithi chembe hiyo kutoka kwa mzazi mmoja, na 0.7 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa wenyewe. Sehemu za mashariki na za kaskazini ya kati zikiwa miongoni mwa zilizoathirika zaidi. Mbale ilikuwa mojawapo ya vituo vinne vya Afrika vilivyothibitisha mwaka 2019 kwamba dawa ya hidroksiyurea huwapunguzia watoto hao maumivu, malaria na vifo. Selimundu huviziba vijishipa vya mapafu, na shambulio la kifua ni miongoni mwa mambo yanayowaua wagonjwa wake. Watoto hao sasa wanaishi miaka mingi zaidi, na hali ya mapafu yao miaka inavyopita yahitaji kujulikana. Gesi inayoweza kufuatwa mpaka ndani ya chembe nyekundu ya damu ingekuwa na kazi kubwa kwao kuliko pengine kwa watoto wowote wengine duniani. Vivyo hivyo kwa watoto wanaokulia katika moshi wa kuni na vumbi la barabara. Vipimo vya hewa ya Kampala na Jinja vilivyotolewa na Bruce Kirenga na wenzake mwaka 2015 vilionyesha vumbi laini lililopita mno kiwango cha Shirika la Afya Duniani.

Je, mashine kama hiyo yaweza kufika? Liko jambo moja katika elimu ya gesi hizi linalotia moyo. Kwa kuwa zenoni hupangwa na leza kabla ya kuingia katika sumaku, nguvu ya mwangwi wake haitegemei ukubwa wa sumaku kama ilivyo kwa maji. Sumaku ndogo yaweza kufaa. Na sumaku ndogo imekwisha kujengwa Uganda. Hospitali ya watoto ya CURE mjini Mbale imejulikana ulimwenguni kwa kuwatibu watoto wenye maji kichwani, hasa kwa upasuaji ulioendelezwa hapo na Daktari Benjamin Warf. Haja ya kuwapiga watoto hao picha za ubongo kwa gharama ndogo iliwaunganisha wataalamu wa Marekani, Uholanzi na Uganda, na mwaka 2022 mashine ya MRI yenye nguvu ipatayo sehemu moja ya thelathini ya zile za kawaida ilikusanywa katika Chuo Kikuu cha Mbarara, Johnes Obungoloch akiwa miongoni mwa walioisimamia. Vipande vyake vilisafirishwa kutoka Leiden, na kazi ya kuviunganisha haikufika wiki mbili.

Mashine hiyo ilikusudiwa kichwa cha mtoto mchanga, si kifua. Haina leza, haina zenoni, na kutoka Mbarara hadi Mbale ni safari ya kuikata nchi nzima kutoka magharibi hadi mashariki. Mafundi wanaoifahamu sumaku yake, hata hivyo, ni Waganda, na kwa sasa watoto wa vituo vile 20 wanapumua oksijeni inayotokana na jua, kwa kutumia betri ambazo, kama betri zote, zitachakaa na kudai fedha za kununulia nyingine.